Mwaka Nilioambiwa Nichague

Jumapili iliyopita parokia yetu iliadhimisha jubilei, na baada ya misa tulijikuta meza moja, wanawake saba tuliosoma pamoja kwa masista, sote tumeshapita miaka sabini. Vijana wa kwaya walituletea wali, pondu ya majani ya mihogo na samaki. Mwenzangu Georgette, ambaye tangu utotoni hawezi kunyamaza akipata wasikilizaji, akanishika bega na kuwageukia wale vijana. "Munaona huyu mama? Wakati tulikuwa ku internat, bwenini kwa masista, yeye ndiye alikuwa mutakatifu yetu. Carême muzima, Kwaresima yote, hakugusa mafuta, hakugusa mukate. Sisi tulikuwa tunalia njaa, yeye iko kimya tu. Alikuwa na volonté, si kama ninyi wa leo." Meza nzima ikacheka kwa mapenzi. Msichana mmoja wa kwaya, mwenye shingo nyembamba na macho makubwa, hakucheka. Aliinama karibu na sikio langu akaniuliza, "Mama, ulifanya namna gani?" Nilimjibu kwamba nilikuwa mgonjwa. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtu anayejua kwamba amefichwa siri, akaenda zake na sinia la vikombe.

Nina hasira tangu saa ile. Sikumkasirikia yule binti, wala hata Georgette, ambaye anakumbuka alichoonyeshwa. Nimekasirishwa na neno lile, volonté, nguvu ya nia, na ndugu yake, kuchagua. Katika mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka kumi na sita, miaka michache kabla ya Uhuru wa Kongo, nilitupiwa maneno hayo mara nyingi kuliko katika maisha yangu yote yaliyofuata. Waliniambia nimechagua pale ambapo sikuweza kuchagua, na nilipochagua kweli, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, wakanifukuza. Nataka kueleza ilivyokuwa, kwa sababu nisipoeleza mimi, ataeleza Georgette.

Shule yetu ilikuwa ya matofali mekundu, mbali kidogo na kelele za mji ambao wazungu waliuita Stanleyville na sisi tukauita Kisangani. Chumba cha kulia kilikuwa kirefu, meza zake zilisuguliwa kwa mchanga kila Jumamosi mpaka mbao zikawa nyeupe, na kuta zake zilinuka makayabu, yule samaki wa chumvi, hata siku ambazo hakupikwa. Jumatano ya Majivu, Sista Huberta, aliyekuwa mkuu wa bweni, alitugawia vipande vya karatasi na kumtaka kila mmoja wetu aandike kitu atakachomtolea Mungu mpaka Pasaka. Wengine waliandika sukari, wengine waliandika kusengenya. Mimi niliandika mafuta ya mawese na mkate wa Jumapili. Sikuwa na sababu kubwa. Nilitaka karatasi yangu iwe na mambo mengi kuliko ya Georgette. Huo ndio ulikuwa uamuzi wangu, wa kitoto na mdogo kama ulivyo, na ninaukubali kuwa wangu. Yaliyofuata sikuyaamua mimi.

Wiki ya pili Sista aliisoma karatasi yangu mbele ya wote. Akanifunga utepe mweupe kifuani na kusema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi, "Julienne iko na roho nguvu. Ninyi angalia yeye, fanya kama yeye." Nilikuwa msichana wa katikati. Darasani nilikuwa wa katikati, kwenye kwaya nilisimama safu ya nyuma, na sikumbuki kama kabla ya siku ile Sista aliwahi kulitamka jina langu bila kulikosea. Sasa wasichana walinipisha mlangoni. Basi nikaongeza. Baada ya mafuta niliacha ngozi ya samaki, baada ya ngozi nikaacha samaki mwenyewe. Nikajiwekea sheria: nisile mpaka wote wa meza yangu wawe wamemaliza, nisile vijiko zaidi ya vitano, halafu vinne. Na la ajabu ni kwamba mambo mengine yote yalinyooka. Hesabu zilinijia haraka. Kwenye chumba cha kushona niliona kwa jicho moja kitambaa kikatwe wapi. Wadogo wakigombana bwenini, waliniletea mimi kesi, na nilikata shauri pale pale wakaridhika. Sista alinifanya kiongozi wa bweni. Nani angedhani kwamba msichana anayeamua mambo ya wasichana ishirini na wanne hawezi kuamua la kwake moja? Walitazama kichwa changu kinavyofanya kazi darasani, wakakata shauri kwamba hata mezani kinafanya kazi vilevile.

Pasaka ndipo nilipojua. Tulipikiwa wali na nyama ya mbuzi, na mafuta mekundu yalielea juu ya mchuzi. Tangu asubuhi nilikuwa nikijiambia kwamba leo nitakula, kwa kuwa kufunga kumekwisha. Niliacha kwa kuamua, kwa hiyo nitarudi kwa kuamua. Nikachota. Kijiko kikafika karibu na mdomo, na hofu ikanipanda, hofu ileile ambayo mtu huipata akikanyaga kitu laini na baridi gizani. Nikakirudisha kijiko. Nikajaribu tena. Nikajipa ruhusa ya wali mtupu, kisha nikajinyima ruhusa hiyo. Nikaanza kupima punje kubwa na ndogo, upande wenye mchuzi na usio na mchuzi, na nilikuwa bado napima kengele ilipolia. Mkono ulikuwa wangu, kijiko kilikuwa changu, njaa ilikuwa yangu, na hakuna kati ya hivyo kilichonisikiliza. Nilimpa jirani yangu nyama. Sista alipita nyuma yangu, akaona, akanigusa kichwa kwa upole. Mguso ule nimeuchukia kwa miaka sitini.

Mbele yangu mezani alikaa Monique, mtoto wa miaka kumi na mitatu kutoka Yanonge, mpole, mwenye mashavu ya mtoto wa mtoni aliyelelewa kwa samaki. Alikuwa ananitazama. Mwezi wa tano nilimwona akiusukuma wali wake, kidogo kidogo, mpaka ukavuka ukingo wa sahani na kuingia katika sahani ya jirani. Nilielewa mara moja alichokuwa akifanya, kwa kuwa mbinu ile ilikuwa yangu. Nilikuwa kiongozi wa bweni, kusema ilikuwa kazi yangu. Sikusema. Na ukweli mbaya zaidi, ambao sijawahi kumwambia padri vizuri, ni kwamba nilifurahi. Ninapowakasirikia wengine katika kurasa hizi, nisijitoe mimi.

Mwezi wa sita nilianguka kwenye chumba cha kushona, mkasi mkononi. Nilipelekwa hospitali ya weusi, nikalazwa kwenye kitanda cha chuma, na daktari Mbelgiji akaja na Sista Huberta. Alinivuta kope, akanibonyeza tumbo, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili kama anayeinua kuku sokoni. Kisha wakazungumza kwa Kifaransa juu ya kichwa changu. Sista, na hili nalisema kwa haki yake, alimuuliza kama huenda ni ule ugonjwa wa wasichana wanaokataa chakula, kwa kuwa kwao Ulaya alikuwa na binamu aliyeugua hivyo. Daktari alicheka, tena hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anayemtoa mwenzake wasiwasi. "Ma sœur, ule ni ugonjwa wa mabinti wa nyumba zilizoshiba. Ugonjwa huo unataka mishipa ya fahamu iliyo laini, unataka mtu mwenye mawazo. Hawa wana minyoo." Nililala pale nikiwa nimefumba macho, nikikielewa Kifaransa chake neno kwa neno, kwa kuwa ndicho tulichofundishwa kwa fimbo. Alinipa dawa ya kuharisha. Mtu ambaye hakuwa na kitu tumboni, wakamharisha siku tatu. Hakuniuliza swali hata moja. Hakuniuliza kama nasikia njaa. Aliona rangi ya ngozi yangu, akaona hiyo inatosha kujua nilicho nacho kichwani.

Niliporudi shuleni, kilo nilizobaki nazo zilikuwa chache zaidi na Sista alikuwa amebadilika. Daktari amesema si ugonjwa, kwa hiyo kilichobaki ni kiburi. Utepe mweupe ukavuliwa. Siku moja saa sita alinikalisha peke yangu kwenye chumba cha kulia, akaweka mbele yangu wali na madesu, yale maharagwe mekundu tuliyokula kila wiki, akasimama mwisho wa meza. Alisema kwa Kifaransa, polepole, ili nisikose neno. "Hapa kuna chakula, na pale kuna mlango wa kwenda kwenu. Mungu amekupa uhuru. Chagua." Akatoka. Nilikaa na sahani ile mpaka kengele ya sala ya jioni. Wali ulikauka juu ukafanya ngozi. Nilisikia wenzangu wakicheza uani, nikasikia wapishi wakiosha masufuria, nikasikia mmoja akimwuliza mwenzake kwa Kilingala kama yule mtoto bado yuko pale. Nilitaka kula. Sina namna nyingine ya kuliandika: nilitaka kula, niliomba nile, niliushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuusukuma kuelekea sahani. Sista aliporudi aliitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Basi umechagua." Kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunawa mikono.

Aliyeniokoa alikuja na samaki. Tonton Lucien, mume wa mama mkubwa aliyekuwa mlezi wangu mjini kwa kuwa wazazi wangu waliishi mbali, alikuwa mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, na mara mbili kwa wiki alileta samaki jikoni kwa masista. Siku ile alipita karibu na dirisha la chumba cha kulia akaniona nimekaa na sahani, na mwanzoni, alikuja kuniambia baadaye, hakunitambua. Alidhani ni mama mzee mgonjwa aliyekuja kuomba kwa masista. Aliweka kikapu chini, akatembea mpaka nyumbani, akamwambia mkewe, mama Albertine. Kesho yake asubuhi mama Albertine alikuwa barazani kwa Sista Huberta akiwa amevaa kikwembe chake cha misa, kitenge cha Jumapili, bila viatu kwa sababu ya tope, na hakukubali kukaa.

"Ma sœur, huyu mutoto iko mugonjwa," alisema.

"Haiko mugonjwa. Daktari anasema. Yeye anakataa chakula. Ni yeye anataka."

"Mutu hataki kuwa hivi. Bon. Mimi nakwenda naye."

"Akitaka kurudi mwezi wa kwanza, anakula kwanza."

Mama Albertine alinibeba mgongoni, mimi wa miaka kumi na sita, akanifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Nilimsikia akipumua kwa nguvu. Nilidhani ni uzito wangu, kumbe alikuwa analia.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, karibu sana na maporomoko hivi kwamba watu wa pale husemezana kwa sauti ya juu maisha yao yote na wakienda mjini huonekana kama wagomvi. Ukutani kulikuwa na vikapu virefu vya kunasia samaki vikisubiri kushonwa, na moshi wa kukaushia samaki uliingia kila nguo. Majirani walikuja siku ya kwanza tu. Wakakaa, wakanitazama, wakaanza kusema ya ndoki, yaani uchawi, nani katika ukoo ana jicho baya, nani aitwe aombe. Mama mkubwa aliwapa maji ya kunywa na kuwaambia, "Hapa hakuna ndoki. Iko mutoto mwenye anaogopa chakula, basi." Walipoondoka alinigeukia. "Nimesema uongo?"

"Hapana, mama."

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Sana?"

Nikaitikia kwa kichwa, na ndipo machozi yalipotoka, kwa sababu katika miezi mitano ile, mbele ya Sista na daktari na wote waliokuwa na vyeti vyao, hilo lilikuwa swali la kwanza. Mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyeuliza. Aliningoja mpaka nikamaliza kulia, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. "Alors, sikia. Kwa chakula, kuanzia leo, mimi ndiye naamua. Saa gani, nini, kiasi gani: mimi. Usiwaze, usipime, si kazi yako. Mambo yote ingine iko yako. Utavaa nini, utalala wapi, utafanya kazi gani, utaongea ao hautaongea, mimi sitaingia. Na hii ya chakula sikuibii. Naibeba tu. Siku utapata nguvu, ntakurudishia."

Watu wenye elimu wamenieleza baadaye kwamba kuna mjadala mkubwa juu ya jambo hili, kama mgonjwa wa namna yangu aachiwe aamue au aamuliwe. Mimi niliamuliwa na daktari aliyenidharau, nikaachiwa niamue na sista aliyechoka nami, na vyote viwili vilikuwa namna mbili za kuniacha peke yangu. Mama Albertine aliniamulia huku amekaa. Tofauti yote iko hapo. Hakuniwekea sahani akatoka. Tulikula sahani moja, mkono wake na wangu, na hakuinuka hata kama chakula kilichukua asubuhi nzima na samaki wa mumewe wakingoja kupasuliwa. Alianza na uji wa mchele mwembamba kama maji. Baada ya wiki mbili akaleta samaki wa kuchoma ndani ya majani, liboke, na kunimegea kipande kidogo kama ukucha.

Sitaki mtu afikiri ilikuwa rahisi. Nilimtukana. Nilificha samaki kwenye pindo la kikwembe mpaka nzi wakanisaliti. Nilimwaga uji kwenye mchanga mbele ya macho yake, na siku hiyo alinipiga kofi, akashtuka kuliko mimi, akaingia ndani, akarudi na uji mwingine. "Kofi iko makosa yangu," alisema. "Uji iko kazi yetu. Tuanze." Tonton Lucien alikuwa akirudi kutoka kwenye maji, anatukuta hatujamaliza, anakaa pembeni kushona kikapu chake, na mkewe anampa chakula baadaye. Hakulalamika hata siku moja, au alilalamika nisipokuwepo.

Mwezi wa tisa tulitembea mpaka soko la Mangobo. Mbele ya mama mmoja muuzaji kulikuwa na mikungu ya makemba, zile ndizi za kupika, na upande wa pili marundo ya mihogo. Mama mkubwa akasimama. "Leo jioni tutakula lituma ao mihogo? Sema wewe." Lituma ni makemba yaliyopondwa na mafuta, chakula cha kwetu kuliko vyote. Nilisimama pale katikati ya watu wanaosukumana. Nikachagua mihogo, nikageuza, nikageuza tena. Muuzaji akauliza kama binti huyu hasikii. "Anasikia," mama mkubwa alisema. "Muachie nafasi." Sijui tulisimama muda gani. Nilipotamka makemba, sauti ilitoka ndogo sana hata ikabidi nirudie, na mama Albertine akainama kuchagua mkungu kama vile hakuna kilichotokea. Jioni ile nilikula lituma yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ilikuwa na mafuta. Niliogopa mpaka asubuhi, na asubuhi nikaamka nikiwa hai.

Wiki chache kabla ya Majilio, tonton Lucien alirudi kutoka kwa masista na habari aliyoichukua jikoni. Alimwambia mkewe, lakini alikuwa ananitazama mimi. "Kule iko mutoto mwingine, wa Yanonge. Mupishi anasema anakula kama ndege. Wamemupatia ka ruban nyeupe." Nilijua ni Monique kabla hajamaliza. Baada ya mimi, baada ya kuanguka kwangu na sahani ile na kila kitu, Sista Huberta alikuwa amechukua utepe kwenye droo na kumfunga mtoto mwingine. Sijui kama ulikuwa uleule. Naelewa leo kwamba alidhani kosa lilikuwa kwangu, kwamba kufunga ni kuzuri na mimi ndiye niliyekuharibu kwa kiburi. Kuelewa hakujanipunguzia kitu.

Nilimwambia mama mkubwa nataka kwenda. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika, kwa sababu Sista alikuwa ameahidi kunipokea mwezi wa kwanza, na kilichobaki kilikuwa miezi sita tu nipate cheti cha kufundisha. Wasichana weusi wenye cheti kile mji mzima ungeweza kuwahesabu. Nikasema nina hakika. Tulikwenda Jumapili, siku ya wageni, na liboke ya samaki kwenye kikapu.

Monique aliletwa kwenye chumba cha wageni. Mashavu yalikuwa yamekwenda. Nywele laini kama za mtoto mchanga zilikuwa zimemwota hata usoni, kama zilivyoniota mimi, na mikono aliificha ndani ya makwapa kwa sababu ya baridi, siku ya jua kali. Nilifungua majani, nikamega samaki, nikala mbele yake. Nikamwambia, "Monique, sikukuwa na nguvu. Nilikuwa mugonjwa, na niliona unanifuata, na nilinyamaza. Unisamehe. Kula na mimi." Aliutazama mdomo wangu ukitafuna. Kwa sauti ya chini, bila hasira, kwa huruma hasa, akaniambia, "Dada Julienne, ulishindwa." Akainuka akaenda kwenye sala.

Basi tukaingia kwa Sista Huberta. Mama mkubwa hakujua Kifaransa, na aliyotaka kusema hayakuenea katika Kiswahili cha jikoni, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. "Mwambie hivi," alisema. "Mutoto yangu alikuja hapa muzima, mulinirudishia mifupa. Sasa munafanya vile vile na mutoto ya wengine. Mwambie Mungu hakuomba mwili ya batoto. Mwambie atoe ile ruban leo, na aite papa yake." Nikamgeukia Sista na kusema kwa Kifaransa kizuri kwamba mama yangu mkubwa ana wasiwasi kidogo na afya ya Monique. Mama Albertine alinishika mkono. "Maneno yangu ilikuwa mingi. Yako iko kidogo. Imekwenda wapi ingine?"

Nilitazama sakafu ile iliyong'arishwa, ambayo mimi mwenyewe niliipiga nta Jumamosi nyingi. Nilijua kabisa nini kiko upande huu na nini kiko upande ule: cheti changu, na Monique. Sikupima mara mbili. Nikasema yote, neno kwa neno, na nilipomaliza ya mama mkubwa nikaongeza ya daktari, na ya sahani, na kwamba siku ile nilitaka kula na sikuweza, na kwamba alipaswa kukaa. Uso wa Sista ulikuwa mwekundu, kisha mweupe. "Hayo ni maneno yake au yako?" aliuliza.

"Yetu sote wawili, ma sœur."

"Basi hutarudi hapa mwezi wa kwanza."

Nikamtafsiria mama mkubwa. Akasema, "Nimesikia. Twende." Barua iliwafikia wazazi wangu wiki iliyofuata, na ninayo hadi leo. Inasema Julienne ameiacha shule kwa hiari yake mwenyewe.

Siku ileile tuliyotoka kwa Sista, kabla hatujafika nyumbani, mama Albertine alipita mahali mitumbwi ya Yanonge inapofungwa, akazungumza na wachuuzi wa samaki wakavu mpaka akampata mtu anayemjua baba yake Monique. Baada ya siku nane mwanamume mrefu, mwenye kofia mkononi, alifika mlangoni kwetu kuuliza njia ya kwa masista. Alikwenda, akamchukua mtoto wake, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Niliwaona wakishuka mtoni. Monique aliniona pia, akageuza uso.

Sikupata cheti. Nimeshona nguo maisha yangu yote, na nimeshona vizuri, lakini kila mwanzo wa mwaka wa shule nikiona walimu wasichana wanapita, kitu bado kinanichoma. Hofu ya sahani ilinirudia mara mbili, nilipofiwa na mtoto wangu wa kwanza na wakati wa vita, na mara zote mbili nilikwenda kwa mama Albertine na kumwambia anibebee tena. Alinibebea. Alikufa mzee sana, na juu ya kaburi lake padri alisema alikuwa mwanamke wa kawaida.

Monique nilikutana naye sokoni Yanonge, miaka mingi baadaye, nilipofuata samaki wa arusi ya mdogo wangu. Alikuwa mama wa watoto watano, mikono yake mipana, anageuza samaki juu ya moshi. Alinitambua kwanza yeye. Akafuta mikono kwenye kikwembe.

"Ni wewe ulimuita papa," alisema.

"Ni sisi."

"Nilikuchukia miaka tatu. Kila asubui papa alikuwa anakaa mbele yangu na sahani, haendi mtoni, na kila asubui nilikuwa nakutukana ndani ya roho."

"Na mwaka wa ine?"

Aligeuza samaki mmoja, macho kwenye moto. "Mwaka wa ine nilisikia njaa tu," alisema. Akanisogezea kigoda, akaniuliza kama nitakula. Nikasema nitakula.